Wakazi wa Tone Moja

Alima aliugua siku ya Ijumaa asubuhi, akiwa anapepeta mchele uani. Mara ya kwanza aliinuka akaenda chooni, akarudi akicheka, akasema samaki wa jana hakuwa mzuri. Mara ya tatu hakucheka. Mara ya sita hakukiwahi choo. Jua halijafika utosini, mwanamke yule ambaye sauti yake ilizoeleka kusikika hadi mtaa wa pili alikuwa amelala ubavu mkekani, macho yamezama, na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima.

Mumewe, Muhamudo, alimshika mkono ili amwinue. Alipouachia, ngozi ilibaki imesimama pale pale alipoibana. Muhamudo alikuwa mchimba visima. Miaka thelathini alikuwa ameshika udongo wenye maji na udongo usio na maji, na mikono yake ilimwambia kabla ya akili: huyu mtu anakauka.

"Mkokoteni," alisema. "Nani ana mkokoteni?"

Majirani walikwisha kusanyika penye ua, lakini hakuna aliyevuka. Bairo la Mchangani, mtaa wa pembezoni mwa mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, lilikuwa limejaa pomoni tangu watu walipoanza kukimbia vita, hawa kutoka Pundanhar, wale kutoka Mucojo. Nyumba zimesogeleana kiasi kwamba mtu akikohoa, jirani humwambia pole. Katika wiki mbili hizo za mvua kubwa watu sita walikuwa wameugua namna ile ile, na wawili wamekwisha zikwa. Kila mtu alijua ni kipindupindu, na hakuna aliyelitamka jina. Walisema tu, "ugonjwa ule."

Mwenye mkokoteni alikuwa Adamo, mkuu wa bairo. Alisimama nao, ameushika mipini, hautoi.

"Usimpeleke kwenye yale mahema yao," alisema. "Jumatatu walikuja watu wa ospitali na kloro yao, ile dawa ya maji, wakamimina kwenye ndoo za watu. Jumatano mtu akafa. Hesabu mwenyewe."

"Adamo, nipe mkokoteni."

"Nakwambia kama ndugu."

"Na mimi nakujibu kama mtu ambaye mkewe anakufa. Nipe."

Adamo aliuachia. Muhamudo alimpakia mkewe peke yake, maana hakuna aliyemshika miguu, akaanza kusukuma. Barabara ya mchanga ilikuwa na matope bado. Watu waliokuwa vibarazani waliziba pua kwa kapulana, vitenge walivyojifunga, na mkokoteni ulidondosha maji njia nzima, tone kwa tone, yaliyokuwa yakimtoka Alima bila yeye kuweza kuyazuia. Alima, mwanamke ambaye hajapata kutoka nje bila kunyoosha mtandio wake kwa pasi ya mkaa, alijitahidi kuinua kichwa.

"Nifunike," alinong'ona.

Muhamudo alivua shati lake akamfunika, akaendelea kusukuma kifua wazi katikati ya mji.

*

Mahema yalikuwa yamesimamishwa kwenye uwanja wa mpira nyuma ya kituo cha afya. Mlangoni alikuwapo mtu aliyenyunyizia kloro nyayo za kila anayeingia. Ndani kulikuwa na vitanda vya turubai, kila kimoja na tundu katikati, na chini ya tundu ndoo. Alima alipoliona lile tundu alifumba macho.

Muuguzi aliyeitwa Jerónimo alitafuta mshipa mkono wa kulia akaukosa. Akatafuta wa kushoto, akaukosa. Mara ya tatu aliupata karibu na kiwiko, akaning'iniza soro, maji ya chumvi ya kutia mishipani, mifuko miwili kwa mpigo, akaifungulia hadi mwisho. Haikudondoka. Ilimiminika.

Muhamudo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alichokiona katika saa moja iliyofuata alijaribu kuwasimulia watu maisha yake yote, na kila mara alihisi hakusema vya kutosha. Aliwahi kukaa chini ya visima vikavu akingoja. Alijua namna mchanga unavyobadilika rangi kwanza, kisha unang'aa, kisha kijimfereji kinatokeza upande mmoja kama jasho. Hivyo ndivyo mkewe alivyorudi. Midomo ikapata rangi. Mshipa wa shingo, uliokuwa umepotea, ukaanza kupiga. Macho yalipanda kutoka kule yalikozama, yakatazama paa la hema, yakatazama mifuko, yakamtazama yeye.

"Muhamudo," Alima alisema, "mbona umekaa mbele za watu bila shati?"

Muhamudo alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio. Jerónimo akajifanya anakagua mpira wa soro.

Lakini ndoo iliendelea kujaa. Ilikuwa imechorwa mistari ya lita, na hadi alasiri maji yalikwisha upita mstari wa kumi na moja. Hayakufanana na choo. Yalikuwa meupe-meupe, kama maji ya kuoshea mchele, na harufu yake ilikuwa ya shombo hafifu, si ya uvundo. Muhamudo hakuweza kuacha kuyatazama. Mtu ana maji mengi hivi? Visima alivyochimba vingine havikutoa kiasi hicho kwa siku ya kwanza.

Binti mmoja mwenye glavu alikuja akachota kidogo kwenye kichupa. Alikuwa Benilde, fundi wa maabara, Mmakonde wa Mueda, hajafika miaka thelathini. Kiswahili chake alikiokota sokoni Palma, kwa hiyo alikisema kwa haraka kama anayepatana bei.

"Papá, nyumbani mnachota wapi maji?"

"Kwangu," alijibu Muhamudo. "Kisima cha Mchangani. Nimekichimba kwa mikono hii. Maji yake ni matamu, hupati mfano wake mpaka Nhica."

"Nasadiki. Wagonjwa wote wa upande ule walioletwa hapa wamenitajia kisima hicho."

Muhamudo aliinuka. "Unasema nimeua watu?"

"Nasema maji yana kitu ndani."

"Kitu gani? Maji nimeyatazama tangu hujazaliwa. Kama yana kitu, ningekiona."

"Usingekiona, papá."

"Basi nionyeshe."

Benilde alimwangalia. Katika wiki mbili zile watu walikuwa wamemwomba dawa, wamemtukana, na usiku mmoja wamerusha mawe juu ya bati la maabara. Hakuna aliyekuwa ameomba kuona.

"Njoo," alisema. "Lakini usiguse kitu."

*

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza na dirisha. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, lakini hadubini ya Benilde ilikuwa ya zamani, ile yenye kioo cha chini cha kunasa mwanga wa jua, naye alikuwa ameiweka dirishani. Aliweka tone dogo la maji ya ndoo ya Alima juu ya kigae cha kioo, akalifunika kwa kioo kingine chembamba kama ganda la kitunguu, kisha akatoa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akaziba kingo zote.

"Hiyo nayo ni dawa?" Muhamudo aliuliza.

"Ni rangi ya kucha, papá. Wasitoke."

Muhamudo aliinama. Aliona kope zake mwenyewe. Aliinama tena, akaona weusi. Benilde alimwambia asifumbe jicho la pili, atulie, angoje. Akaona mwanga wa duara, mtupu, kama mdomo wa kisima unavyoonekana kwa mtu aliye chini. Kisha mwanga ukawa na vumbi. Kisha lile vumbi likawa linakwenda.

Aliruka nyuma. Akarudi.

Havikuwa vinaelea. Muhamudo alijua kitu kinachoelea. Huenda kule maji yanakokwenda. Hivi vilikuwa na safari zao. Vilikuwa vijiti vidogo vilivyopinda kidogo, kama kipande cha ukucha kilichokatwa, na vilikatiza duara lile kwa kasi, kimoja huku, kingine kule, vinapishana, vinageuka ghafla, kama dagaa wakiingiliwa na kolekole. Hakuna kilichogongana na kingine. Kila alipodhani ameona vyote, alitambua kwamba nyuma yake kulikuwa na vingine, na nyuma ya hivyo, vingine tena.

"Vina nini cha kuendea?" aliuliza, bila kuondoa jicho.

"Kila kimoja kina mkia mmoja. Kwa kioo hiki huuoni. Kinauzungusha, mamia ya mara kwa muda wa kupepesa jicho."

"Na hili ni tone."

"Si hata tone. Katika kijiko kimoja cha maji yale wamo wengi kuliko watu wote wa Msumbiji."

"Subhanallah," alisema Muhamudo, na papo hapo akaona haya, kwa sababu neno lile mtu hulitamka mbele ya kitu cha kustaajabisha, na vitu hivi vilikuwa vikimuua mkewe. Lakini lilikwisha kutoka, na halikuwa la uongo. Aliendelea kuinama hapo mpaka shingo ikamuuma.

"Vinatoka wapi?"

Benilde aliegemea meza. Alikuwa amechoka, lakini swali lile lilimpa uhai. "Ukoo wao ni wa majini, papá. Wanaishi pale mto unapokutana na bahari, maji ya chumvi nusu. Kuna vidudu vidogo kule, jamii ya kamba, huwaoni vizuri kwa macho. Hawa uliowaona hung'ang'ania maganda yao na kuyala. Wako hivyo tangu zamani. Hawatuhitaji sisi hata kidogo."

"Na tumboni wanatafuta nini?"

"Mtu akiwameza, wengi hufa kwa ukali wa asidi ya tumbo. Wachache wanaopona huteremka utumboni, wakashika ukuta, wakaongezeka. Halafu wanatoa sumu. Sumu yenyewe haili nyama, haichani kitu. Inafanya jambo moja tu: inafungulia bomba, kisha inang'oa koki. Mwili wote unamimina maji yake utumboni, na yale maji yanawabeba kuwatoa nje wakiwa mamilioni, wakatafute maji mengine."

Muhamudo aliinamia tena kioo. "Kwa hiyo Alima kwao ni kisima."

"Ni njia tu. Kisima ni kile chako."

Aliporudishwa hemani alimkuta Jerónimo akimnywesha Alima kikombe cha maji yaliyochanganywa chumvi na sukari. Muhamudo alishangaa: kama koki imeng'olewa, kuna faida gani kumimina juu?

"Hilo ndilo la ajabu kuliko yote," alisema Benilde, aliyekuja na daftari lake. "Utumbo una mlango mwingine. Chumvi ikija peke yake, haufunguki. Sukari ikija peke yake, haufunguki. Zikija pamoja, unafunguka, zinaingia, na maji yanafuata nyuma. Mdudu huyu, pamoja na ujanja wake wote, hajui kuufunga mlango huo."

"Nani aliuweka?"

"Mimi ni wa maabara, papá. Wewe muulize shehe wako, mimi nitamuuliza padre wangu." Alifungua daftari. "Choo cha karibu na kisima kiko umbali gani?"

"Hatua kumi na saba. Kilikikuta kisima. Watu walikuwa wengi, hawana pa kuchimba."

"Na mdomo wa kisima, una sakafu ya zege kuzunguka? Yenye mteremko, ili maji machafu ya mvua yasirudi ndani?"

Muhamudo alitazama ndoo.

"Saruji ilikwisha," alisema.

Benilde aliandika. Kitandani, Alima aligeuza uso wake akautazama ukuta wa turubai.

*

Ukweli ni kwamba saruji haikukwisha. Miaka mitatu nyuma bairo zima lilikuwa limejitolea kwa ajili ya kisima kile. Mwenye mfuko wa saruji alileta, mwenye nguvu alimwaga jasho, na asiye na kitu alibeba mchanga. Pete za zege zilipomalizika kushushwa ilibaki mifuko miwili, na mifuko hiyo ilikuwa ya sakafu ya mdomoni. Lakini mvua zilikuwa zinakaribia, na nyumba ya Muhamudo ilikuwa inaingia maji. Alijiambia ataazima tu, ataitafuta mingine kabla ya masika. Masika matatu yalikuwa yamepita.

Jumamosi asubuhi alikwenda kisimani na bati. Wanawake wanane walikuwa kwenye foleni. Alivuta kamba, akatoa ndoo, akalaza bati juu ya mdomo wa kisima, akaweka mawe.

"Msichote," alisema. "Maji yameingiwa na ugonjwa."

Adamo alitokea mbio. "Nani kasema?"

"Nimeviona mwenyewe."

"Umeona nini?"

"Vidudu. Kwenye maji yaliyomtoka Alima. Binti wa maabara amenionyesha."

"Vikubwa kiasi gani?"

Muhamudo alisita. "Havionekani."

Vicheko vililipuka. "Ameona visivyoonekana!" alisema mmoja, na mwingine akauliza kama alivisikia pia vikizungumza Kireno. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekula kwake mara nyingi alisema kwa sauti ya chini iliyomchoma kuliko vicheko, "Mkewe wamemponya. Sasa lazima awatumikie."

Adamo aliondoa mawe moja moja, akaliinua bati. "Kisima ni cha bairo, Muhamudo. Ulikichimba, hukukizaa. Jana nilikupa mkokoteni wangu na mpaka leo naunusa. Usituongezee."

Muhamudo alikuwa na neno moja ambalo lingewanyamazisha wote. Angewaonyesha ardhi tupu kuzunguka mdomo wa kisima, dimbwi la maji meusi lililokuwa likirudi ndani pole pole hapo hapo miguuni mwao, na kuwaambia sakafu iliyotakiwa kuwa pale ilikuwa wapi. Badala yake alisogea kando, akawapisha.

Mwishoni mwa foleni alikuwapo Hafsa, mwanamke wa Mucojo. Binti yake wa miaka sita, Cadija, alikuwa mtu wa pili kuzikwa. Siku hiyo ilikuwa ya tatu tangu mazishi. Hafsa alisogea zamu yake ilipofika, akateremsha ndoo, akajaza dumu lake, akajitwika. Muhamudo aliyatazama yale maji yakienda zake, yakitikisika juu ya kichwa cha mama yule, na sasa kila tone lilikuwa na wakazi ndani yake.

*

Alima aliruhusiwa Jumapili. Alikataa mkokoteni. Alitembea polepole, ameshikilia mkono wa mumewe, na safari hii watu walitoka vibarazani kumtazama kwa mshangao, maana walikwisha mhesabu kati ya marehemu. Alifika nyumbani, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Nitandikie nje," alisema.

"Jua kali, Alima. Ndani kuna ubaridi."

"Nitandikie nje."

Muhamudo alitandika mkeka kivulini mwa ukuta. Alima alikaa, akanywa maji yake ya chumvi na sukari hadi kikombe kikaisha.

"Ulimwambia yule binti saruji ilikwisha."

Muhamudo aliokota kikombe kitupu.

"Iliishia pale." Alielekeza mlangoni kwa kidevu. "Nami nimeifagia sakafu ile miaka mitatu, nikijua. Wageni wakiisifu, nasema ahsante. Basi usidhani nakusuta wewe peke yako. Lakini mimi siwezi kwenda kwa Hafsa, miguu haijanirudia. Wewe unaweza."

"Nikamwambie nini?"

"Huyajui ya kumwambia?"

Hafsa aliishi katika kibanda cha makuti mwisho wa bairo. Muhamudo alipiga hodi kama ilivyo desturi, "Hodi, mama Cadija," na jina likabaki likining'inia kati yao. Hafsa alitoka. Alimwekea kigoda, Muhamudo akakaa chini, mchangani.

Alimwambia yote. Hakuanza na vidudu. Alianza na mifuko. Hakusema aliazima. Alisema alichukua. Alifika kwenye dimbwi na hatua kumi na saba, akamaliza.

Hafsa alikuwa amekaa, akichora-chora mchanga kwa kidole.

"Mchanga wa zile pete nilibeba siku nne," alisema.

"Najua."

"Ndiyo kwanza nilikuwa nimefika, sina hata sufuria. Cadija nilimbeba mgongoni."

"Najua, mama."

"Sakafu yako ina ukubwa gani?"

Muhamudo alinyoosha mikono, akaonyesha hapa mpaka pale. Hafsa aliipima kwa macho ile nafasi ya hewa kati ya mikono yake.

"Wapo wanaoniambia ni watu wa mahema waliomuua," alisema. "Wapo wanaoniambia ni kijicho, kwamba mtoto alikuwa mzuri kupita kiasi. Wewe unakuja kuniambia ni vidudu na mifuko miwili ya saruji."

"Ndiyo."

Alingoja matusi. Alingoja mate. Angevipokea vyote. Hafsa aliinuka, akajikung'uta.

"Kesho utanipeleka nikavione," alisema. "Sijakusamehe. Nataka kuviona."

*

Benilde aliandaa kigae kingine, kwa maji ya mgonjwa aliyeletwa alfajiri ile. Safari hii hakuziba kingo. Muhamudo alisimama karibu na mlango, hataki kumtazama Hafsa usoni. Hafsa aliondoa mtandio kwenye paji la uso, akainama.

Hakuruka nyuma. Aliinama pale bila kutikisika, mkono umeshika ukingo wa meza.

"Vinapendeza," alisema mwishowe.

Muhamudo alishtuka. Lilikuwa ndilo neno ambalo yeye mwenyewe hakuthubutu kulitamka, hata kwa Alima.

"Mbona hamkuniambia kwamba vinapendeza?" Sauti ya Hafsa ilikuwa ya mtu anayedai. "Nilitaka viwe na meno. Nilitaka viwe na sura ya kuchukiza. Hivi vinacheza tu kama watoto waliotoka madrasa." Alisogeza jicho karibu zaidi na kioo. "Vinajua vilichofanya?"

"Havijui kitu, mamá," alijibu Benilde polepole. "Havina hata mahali pa kujulia."

"Na hiyo kloro yenu, inayosemwa ndiyo inayovileta?"

Benilde alisogea mezani. Alichovya kijiti kwenye chupa ya kloro, akaweka tone dogo kwenye ukingo wa kioo, na upande wa pili akagusisha kipande cha karatasi ili livutwe ndani. Hafsa aliona. Upande wa kulia wa duara vijiti viliyumba, vikapunguza mwendo, vikasimama. Kisha vya katikati. Utulivu ule ulitembea kama kivuli cha wingu kinavyotembea juu ya shamba la mpunga, mpaka upande wa kushoto kabisa, ambako kimoja kilikuwa bado kinakimbia, kinageuka, kinakimbia, halafu nacho kikatulia.

Hafsa hakuondoa jicho. Aliendelea kuvitazama vikiwa vimesimama, na chozi likadondoka juu ya chuma cha hadubini. Benilde hakulifuta.

"Jumatatu iliyopita walipokuja kwangu," alisema Hafsa, akiwa bado ameinama, "nilimwaga ndoo waliyoitia kloro. Nikaenda nikachota nyingine, safi."

Muhamudo alitazama mikono yake. Nje, Jerónimo alikuwa akiita mtu alete mifuko zaidi ya soro.

Walirudi Mchangani mchana, watatu. Benilde alibaki nyuma hatua chache, kwa sababu ya mawe ya usiku ule. Ndoo ya kloro aliibeba Hafsa mwenyewe, kichwani. Foleni kisimani ilikuwa ndefu, na Adamo alikuwapo. Alipowaona alifungua kinywa, na Hafsa akatua ndoo yake mbele ya miguu yake.

"Nimetoka kukiona kilichomuua mwanangu," alisema. "Kwa jicho hili. Anayetaka kuniambia mimi nimenunuliwa, asogee aniambie."

Adamo alifumba kinywa. Mbele yake alisimama mama ambaye siku chache tu nyuma yeye, Adamo, alishuka kaburini kumpokelea mtoto wake. Hakuna aliyesogea. Hafsa alilichukua bati lililokuwa limetupwa kando, akalilaza juu ya mdomo wa kisima, akasimama juu yake kwa miguu miwili.

"Maji ya leo tutachota mtoni na kuyatia hii," alisema, akionyesha ndoo. "Ya kesho tutayajua kesho." Kisha akamgeukia Muhamudo, na macho yake hayakuwa na huruma wala chuki. "Mimi nimesema langu. Sasa sema lako, wakusikie wote, kama ulivyoniambia mimi."

Wanawake walitua ndoo zao chini, moja baada ya nyingine. Muhamudo alivua kofia, akatazama ile ardhi tupu kuzunguka kisima chake, akaanza na ile mifuko miwili.